Shule na Skuli: Habari za Neno Moja



Katika chuo cha ualimu ninapofundisha yalitokea mabishano madogo baina ya wanafunzi wawili, mmoja kijana wa Pemba, wa pili msichana wa kwetu Kerege, katika Wilaya ya Bagamoyo. Kijana alisimama mbele ya wenzake kufanya zoezi la kufundisha, akaanza kwa kusema, "Watoto wa skuli hii." Yule msichana akacheka. Alidhani mwenzake ametia Kiingereza ndani ya Kiswahili kwa kutaka kujionyesha. Kijana akaona uchungu, akajibu kwamba kwao hata bibi zake, wasiojua Kiingereza hata kidogo, husema skuli. Tena kwamba hilo "shule" analojivunia yeye ni la kigeni vile vile, ila hajui limetoka wapi. Wakaniletea shauri lao. Niliwaambia kwamba hapana aliyekosa, maana maneno hayo mawili ni ndugu wa baba mmoja waliofika pwani yetu katika vyombo viwili mbalimbali. Leo nataka kuwaeleza ninyi habari zile nilizowaeleza wao, pamoja na jambo moja ambalo siku ile sikulisema.

Neno la Kiingereza ni school, nalo hutamkwa skul. Ni neno la kila siku. Mtoto wa Kiingereza hulijua kabla ya kujua kuandika jina lake. Lina maana nyingi. Ni nyumba ya kufundishia. Ni wale wanaofundishwa humo. Tena ni zile saa za masomo, kwa kuwa Mwingereza akisema leo hapana school, hakusudii kwamba nyumba imebomoka. Wachoraji au wanafalsafa wanaofuata njia moja huitwa pia kwa neno hilo, na farasi akizoezwa kutii hatamu, kitendo hicho kina jina hilo hilo. Wavuvi wetu watapenda kusikia kwamba Waingereza husema pia school ya samaki, yaani kundi linalokwenda pamoja. Wasidanganyike. Hilo ni neno lingine kabisa, lililotoka kwa watu wa Uholanzi, na maana yake ni kundi tu. Yamefanana kwa sauti, kama vile kaa la moto linavyofanana na kaa wa baharini, na hapana aliyepata kuchemsha supu ya kaa la moto.

Waingereza hawakulitunga neno school. Walilipokea zamani sana kutoka Kilatini, lugha ya Warumi, waliosema schola. Na Warumi walilipokea kwa Wayunani, waliosema skhole. Hapa ndipo palipo na ajabu ya habari yenyewe. Katika Kiyunani cha kale skhole halikuwa jina la nyumba, wala la mwalimu, wala la kitabu. Maana yake ilikuwa wasaa: zile saa ambazo mtu hana kazi ya kumshughulisha, ni zake mwenyewe, aweza kukaa na kufikiri.

Sisi Waswahili tunayo njia ya kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Mtu akija kukuita nawe una shughuli, humwambia, "Sina nafasi." Basi Wayunani walisema vivyo hivyo. Kwao neno la kazi na shughuli lilikuwa askholia, na ile "a" ya mwanzo ni ya kukanusha. Yaani kazi ni kukosa skhole, kuwa na shughuli ni kutokuwa na nafasi. Warumi nao walikuwa na jozi kama hiyo, wasaa wakiuita otium na shughuli wakiiita negotium, ambayo ni kukosa otium. Tena shule ya watoto wadogo Warumi waliita ludus, na maana nyingine ya ludus ni mchezo. Nikiwaambia wanafunzi wangu habari hii hunitazama kama mtu anayewatania.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtu hufanya kazi ili apate wasaa, kama wanavyopigana vita wale wanaotafuta amani. Wasaa kwake haukuwa uvivu. Ulikuwa wakati wa kuuliza maswali makubwa: haki ni nini, nyota huendaje, hesabu hii ni kweli siku zote au leo tu? Wenye wasaa walikutana, wakazungumza, na mazungumzo yale yakaitwa skhole. Kisha watu waliokutana wakaitwa skhole. Mwisho mahali pao nako kukaitwa hivyo. Maneno hutembea namna hii. Baraza kwetu ni kile kiambaza cha kukalia mbele ya nyumba, na leo tuna Baraza la Mawaziri.

Lakini lazima tuulize, kule Athens ni nani aliyekuwa na wasaa huo? Alikuwa nao mwanamume aliye huru. Shambani mwake walilima watumwa, na katika machimbo ya fedha ya Laurion walichimba watumwa. Nyumbani mkewe na vijakazi walisokota na kufuma. Wasaa wa mmoja ulikuwa jasho la mwingine. Naomba mlishike jambo hili, maana nitalirudia.

Sasa tuje pwani yetu. Na kwanza niseme kwamba pwani hii haikukaa ikingoja neno la mgeni ndipo ianze kufundisha watoto. Palikuwa na jando kwa wavulana, na msichana alipokuwa mwali alikaa ndani mikononi mwa kungwi. Wazaramo na Wakwere wa huku kwetu wanazijua habari hizo, nami sina haja ya kueleza ya ndani. Huko watoto walifundwa, na katika kufunda tumepata kufundisha, na funzo, na mwanafunzi.

Kisha palikuwa na chuo. Leo chuo ni mahali pa kujifunzia kazi baada ya kumaliza shule, na chuo kikuu ni kikubwa kuliko vyote. Lakini asili yake chuo ni kitabu. Dk. Krapf katika kamusi yake iliyopigwa chapa London mwaka 1882 ameeleza hivyo, na Askofu Steere wa Unguja kabla yake vile vile. Mtoto aliyetiwa chuoni alitiwa kitabuni, yaani katika Kurani, na mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Aliketi mkekani na ubao wake wa mti, akaandikiwa herufi kwa wino, akaziimba pamoja na wenzake, na ubao ukijaa ukaoshwa, akaanza tena. Alipokwisha kusoma msahafu wote walisema amehitimu. Leo tunawaita wahitimu hata wale waliosomea uhandisi wa mitambo, wala wao wenyewe hawakumbuki kwamba wamevaa joho la mtoto wa chuoni. Madrasa, darasa na kudurusu nayo ni maneno ya ukoo mmoja wa Kiarabu, na asili yake ni kusoma.

Angalieni basi jinsi kila jina linavyotazama upande wake. Chuo hutazama kitabu. Madrasa hutazama kusoma. Waganda, ambao Wakristo wao wa kwanza waliitwa wasomaji, husema essomero, yaani mahali pa kusomea. Na katika Kiswahili cha Lubumbashi, Kongo, mtoto huenda masomo, si shule. Majina hayo yote yatazama kitendo au chombo. Wayunani peke yao ndio waliotazama zile saa.

Neno la Wayunani, likiisha kuvaa nguo za mataifa ya Ulaya, lilibisha hodi pwani hii mara nne. Mara mbili halikufunguliwa mlango.

Wareno walikuwa wa kwanza. Kwao shule ni escola. Walikuwako tangu Vasco da Gama alipopita mwaka 1498 hata walipotolewa katika ngome ya Mombasa mwaka 1698, miaka 200 kamili, nao wametuachia meza, bendera, kasha, karata na leso. Escola hawakutuachia. Walituachia gereza, na neno hilo kwao ni igreja, maana yake kanisa! Watu wa pwani walikuwa wakiona kanisa lao limo ndani ya ngome, na ngome ndimo walimofungwa wafungwa; basi neno la mahali pa kusali likawa la mahali pa pingu. Neno hufuata yale ambayo watu waliyaona kwa macho, si yale yaliyokusudiwa na mwenye neno.

Wa pili walikuwa Wafaransa, nao habari yao nitaieleza peke yake, maana ni ya Bagamoyo. Kwao shule ni école. Walifundisha watoto wengi, lakini neno lao halikutoka nje ya ua wa misheni.

Wa tatu ni Waingereza. Wamisionari wao walikuwa na nyumba za kufundishia Unguja na Mombasa tangu siku za watumwa waliokombolewa, na mwaka 1890 Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza. Huko neno school likapewa irabu ya mwisho, kama desturi yetu, likawa skuli. Hata leo mtu wa Unguja akisema shule, wenzake humwuliza amerudi lini kutoka bara.

Wa nne ni Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Kwao neno ni Schule, lililotoka katika schola ile ile ya Kilatini. Hawa walifanya jambo moja ambalo wengine hawakulifanya mapema. Mwaka 1892 ilifunguliwa Tanga shule ambayo haikuwa ya misheni. Watoto wa Kiislamu, ambao wazazi wao waliogopa kuwapeleka kwa mapadre, waliweza kuingia bila kuulizwa dini. Wakafundishwa kwa Kiswahili, na waliotoka huko wakawa makarani na walimu wa Serikali. Gazeti la Kiongozi lilipigwa chapa huko Tanga kwa miaka kadhaa kabla ya Vita ya 1914, likasomwa mpaka bara. Bagamoyo napo, tajiri wa Kihindi Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, alitoa nyumba yake ya ghorofa iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe pamoja. Sharti hilo lilikuwa kubwa kwa siku zile, na mtu aliyeliweka hakuwa mtawala wala padre. Nadhani jina lake lastahili kutajwa mara nyingi kuliko linavyotajwa.

Hivyo shule likaingia kwa mlango wa mshahara. Baba aliyemwona kijana wa jirani ameketi mezani na kalamu alijua kijana yule ametoka shule. Wadachi walipotolewa katika vita, mngedhani neno lao litatolewa pamoja nao, kwa kuwa waliokuja badala yao walikuwa na school yao tayari. Halikutoka. Lilikuwa limekwisha kukaa midomoni kwa zaidi ya miaka 20, na Waingereza wenyewe wakajifunza kulisema. Lipo neno jingine la Wadachi lililobaki hivyo, nalo ni hela, jina la sarafu yao ndogo, ambalo leo ni jina la fedha yote. Shule na hela: mzazi yeyote anayesikiliza atasema maneno hayo mawili hayajaachana mpaka leo.

Jambo la kuchekesha ni hili. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusawazisha maneno ya vitabu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mtu angetazamia kwamba skuli ya Unguja itashinda. Lakini katika neno hili bara halikufuata kisiwa. Hata Kenya, ambako Wadachi hawakutawala ila kipande cha Witu tangu 1885 hata 1890, husema shule. Mimi nadhani ulimi ulikuwa na shauri lake pia. Shule ni silabi mbili laini kama njugu na embe. Skuli yaanza kwa konsonanti mbili zilizogongana, na wengine huona bora watie irabu katikati waseme sikuli. Rwanda nako, walikokuwako Wadachi mpaka 1916, husema ishuri, na ukisikiliza vizuri utamtambua ndugu yetu.

Sasa nirudi Bagamoyo, kwa habari niliyoiweka.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakaweka misheni yao Bagamoyo, nje kidogo ya mji. Watoto wa misheni hiyo hawakuletwa na baba zao wakiwa wamewashika mkono. Walinunuliwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi bado. Lilifungwa mwaka 1873. Watoto waliokuwa wametoka bara kwa miguu katika misafara, wakivuka bahari kupelekwa sokoni, walikombolewa kwa fedha, wakarudishwa ng'ambo hii ya bahari, wakatiwa darasani. Mtu akienda leo akaona makumbusho yaliyomo katika nyumba ya masista wa zamani, ataona minyororo, kisha akitoka nje atatembea chini ya miti ya misheni hiyo hiyo.

Fikirini jambo hili kwa neno la Wayunani. Kule Athens mtumwa alilima ili mtoto wa bwana wake apate skhole. Bagamoyo mtoto wa utumwa ndiye aliyeketishwa mbele ya ubao, na watoto wengi wa waungwana wa mjini hawakuwamo. Neno lilipinduka kichwa chini miguu juu. Sijui mahali pengine palipotokea hivyo waziwazi namna hii.

Lakini nisilipambe kupita kiasi. Nimesomeshwa katika shule za misheni, wala sina sababu ya kuwasema vibaya walionilea; kweli hata hivyo ni kweli. Misheni ya Bagamoyo ilikuwa na shamba kubwa, na minazi haikujipanda. Kengele ilipiga kuwaita watoto darasani, ikapiga kuwaita kanisani, ikapiga kuwaita shambani, na jembe lilikuwa na saa zake nyingi katika siku. Mapadre waliona kwamba kazi ni malezi, tena kwamba watoto wale walipaswa kula. Huenda walikuwa na haki. Lakini mtoto hakuulizwa, naye alikuwa amekwisha kulima bila kuulizwa hapo kabla.

Wala si misheni peke yake. Katika vyuo vya Kurani watoto walimchotea mwalimu maji na kumkatia kuni, na hayo yalihesabiwa kuwa ni radhi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe pia shamba au karakana. Alikuwa na hoja nzito: aliona kwamba shule tulizorithi zilimfundisha mtoto kudharau jembe la babaye, na kwamba nchi ya wakulima haiwezi kulea watoto wasiotaka kugusa udongo. Mimi naikubali hoja yake. Lakini hoja njema ikifika mikononi mwa mwalimu mvivu huwa kitu kingine. Shamba la shule likawa pahali pengi shamba la mwalimu, na mwanafunzi akarudi nyumbani na malengelenge kiganjani na daftari tupu.

Nasema mwalimu mvivu, na ningependa kusema ni mtu mwingine. Nilipokuwa mwalimu kijana katika kijiji ambacho sitakitaja, kisima kilikuwa mbali na nyumba yangu, nami nilikuwa nikiwatuma wasichana wawili kunichotea maji asubuhi. Walikuwa na adabu, hawakukataa. Walirudi kipindi cha kwanza kikiwa kimekwisha. Mmoja wao alikuwa hajui hesabu, na mwisho wa mwaka nilimwandika katika ripoti kwamba akili yake ni nzito. Kipindi cha kwanza cha kila siku kilikuwa hesabu. Nilichukua miaka mingi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Sasa lile jambo ambalo sikuwaambia wanafunzi wangu.

Shule kwa sheria haina ada. Unguja na Pemba elimu ilitangazwa kuwa bure mwaka 1964, mara baada ya Mapinduzi. Bara ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002, na ya sekondari mpaka kidato cha nne ikaondolewa mwaka 2016. Watu wengi husema basi, mzazi asiyempeleka mtoto hana udhuru tena. Mimi nimezaliwa Kerege, nami nasema ada haikuwa kamwe bei kubwa kuliko zote. Bei kubwa ni saa. Mtoto akiketi darasani tangu asubuhi hata adhuhuri, zile saa zimetoka mahali, na kazi iliyokuwa yake haikufutika. Yuko mtu anayeifanya.

Kwetu tulikuwa na muhogo na mikorosho, na bondeni mpunga kidogo. Wenye kulima mpunga wanajua kwamba tangu punje kuanza kuingia maziwa mpaka siku ya kuvuna lazima mtu akae dunguni kuamia ndege, tangu mapambazuko hata jioni, akipiga kelele na kurusha vitonge vya udongo. Ndege hawajui Jumatatu. Dada yangu ananipita miaka minne. Mama alipopata maradhi marefu, ilionekana kwamba mmoja wetu abaki nyumbani, na haikuchukua mazungumzo mengi kuamua ni nani. Yeye alikuwa darasa la tatu, tena alikuwa mwepesi kuliko mimi. Ndiye aliyenionyesha herufi kwa kijiti mchangani kabla sijaanza. Akaenda dunguni. Mimi nikaenda shule. Asubuhi nilipita njiani nikamsikia sauti yake kule bondeni, na adhuhuri nilipita tena nikamsikia imekauka. Nilipofaulu kwenda sekondari ya misheni walichinja kuku, naye ndiye aliyempika.

Mwaka huu nilipokwenda nyumbani nilimkuta ukumbini akimenya muhogo. Nikamwambia, "Dada, unajua shule maana yake nini?" Akasema, "Wewe ndiwe mwalimu, mdogo wangu, sema." Nikamweleza habari hizi zote kama nilivyowaeleza ninyi: Wayunani, na skhole, na jinsi walivyoketi kuzungumza juu ya nyota na haki. Alinisikiliza vizuri, kisu kikiendelea. Nilipomaliza akauliza, "Na mpunga wao aliamia nani?"

Nikamwambia, watumwa wao. Na majumbani, wanawake.

Akasema, "Ehe." Kisha akaniambia nimsogezee ungo.

Wale wanafunzi wangu wawili wamebaki kila mmoja na neno lake. Kijana wa Pemba huandika skuli katika maandalio yake ya somo, na msichana wa Kerege huandika shule, nami sipigi kalamu nyekundu juu ya lolote. Ila nimewaongezea mstari mmoja katika karatasi wanayoijaza waendapo kufundisha kwa majaribio: kando ya jina la kila mtoto asiyefika waandike ni kazi gani aliyokuwa akiifanya saa ile. Karatasi za kwanza zimerudi juma lililopita. Zimeandikwa maji, mdogo wake, soko la samaki, mbuzi, maji, maji.